Pazia la Itongo la Mayu Holo

Wiki iliyopita nilipita kwenye kibanda kimoja cha picha hapa Bariadi mjini, nikamkuta kijana anasafisha picha ya zamani kwenye kompyuta. Mkono wake mwepesi, sikatai. Aliondoa mikunjo, akaondoa doa la chai, akamrudishia mama aliyekuwa kwenye picha rangi ya ngozi iliyokuwa imepauka. Halafu akafanya jambo lililonifanya niketi bila kukaribishwa. Yule mama alikuwa amekaa chini, pembeni kabisa upande wa kushoto, na katikati ya picha palikuwa patupu. Kijana akamnyanyua kwa kile kimshale chake, akakata upande wa kulia wote, akambandika mama katikati, na nyuma yake akamwekea maua. Akanigeukia akitabasamu.

"Mzee, si umeona sasa imekaa vizuri?"

Pazia lililokuwa nyuma ya mama yule nililichora mimi. Na pale patupu alipokata ndipo palipofanya picha ile ipigwe.

Sikumgombeza. Nilimwomba tu asiifute ile ya mwanzo, nikarudi nyumbani na kutafuta daftari. Naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wote mnaoshika kazi ya kuweka vitu nyuma ya watu. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu mimi Nkwabi, mpaka macho yalipoanza kugoma.

Ninyi mkibonyeza, bahari inakuja. Mkibonyeza tena, ghorofa linakuja. Siwaonei kijicho, ila mgongo wangu unajua tulikotoka. Sisi tulikuwa na kitambaa cha marekani, vipande vinne vimeshonwa pamoja kwa cherehani, vimegongelewa misumari ukutani na kupakwa uji wa muhogo mara mbili ili rangi isizame. Uji ukiwa mzito, pazia linapasuka likikauka. Ukiwa mwepesi, kitambaa kinainywa rangi yote. Kipimo chake hakikuandikwa popote. Unachovya kidole, na tone likining'inia kidogo kabla ya kudondoka, hapo hapo. Pazia halikunjwi kama shuka, linaviringishwa kwenye mti. Nililikunja moja nilipokuwa mgeni wa kazi, na kwa mwezi mzima wateja wakawa wanatoka kwenye picha na mbingu yenye mistari kama daftari la shule.

Aliyenifundisha ni Mzee Bundala. Alikuwa akiandika maandishi kwenye magodauni ya pamba na kupaka makanisa ya pande zote, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti, bila kubagua. Yeye mwenyewe hakusali popote, alisema watakatifu anaowaona kazini wanamtosha. Alikuwa mfupi, mkali, na kucha zake zilikuwa na rangi hata siku alipooa mke wa pili. Nilimwendea nikiwa mtu mzima mwenye mke, nikidhani najua kuchora kwa kuwa nilikuwa nachora vizuri ng'ombe. Akaniambia nimchoree ng'ombe aliyelala, anavyoonekana kwa nyuma. Nikashindwa, akacheka mpaka akakohoa, kisha akanikabidhi ndoo ya uji nikoroge.

Wakati ule rangi ilikuwa ya kuotea. Mzee Bundala alikuwa anapata nyekundu kwenye kichuguu, nyeusi kwenye masizi ya sufuria, na mbingu zote alizochora zilitoka kwenye buluu ya kufulia nguo. Sijaona mtu aliyepata kitu kikubwa kutoka kwenye vitu vidogo kama yeye. Alichanganya ile buluu na chokaa, akapaka kuanzia chini kwenda juu akizidisha kidogo kidogo, na ukisimama mbele yake unahisi kweli mvua iko mbali, upande wa ziwani.

Masharti yake yalikuwa machache, na yote niliyashika kwa kukosea kwanza. Usichore mti mahali mteja atakaposimama, utamwotea kichwani. Mwanga wa kwenye pazia utoke upande ule ule lilipo dirisha la studio, vinginevyo mtu ataonekana ana jua lake na nyumba ina jua lake. Vya mbali vipauke. Na katikati usiweke kitu, hapo ni pa mteja.

Sharti moja lilinishangaza zaidi. Siku moja alinituma nichore ukuta uliobomoka, wa kuwekwa kwenye picha ya kanisani. Nikachora mawe yamekaa ovyo ovyo, nikadhani nimemaliza. Mzee Bundala akatazama, akafuta yote kwa kitambaa chenye maji.

"Huu haukuwahi kuwa ukuta," akasema. "Chora ukuta mzima kwanza, mpaka mtu aweze kulala ndani. Halafu ubomoe. Na jiwe lililopungua juu nilione chini, limelala kwenye majani. Halijapaa."

Nikachora ukuta mzima. Ilinichukua siku mbili. Siku ya tatu nikaubomoa jiwe kwa jiwe, na nikajionea mwenyewe kwamba mzee alikuwa na haki ya kunifutia.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Ninyi mmezaliwa mkaikuta, hamwezi kujua ilivyokuwa kuona duka limejaa. Rangi zikaja kwenye makopo, rangi ambazo hata majina yake nilikuwa siyajui, na kamera za filamu za rangi zikaja pamoja nazo. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kuonekana na malori yao. Kila aliyeuza pamba alitaka picha, amevaa mtumba mpya, ameshika redio. Ndipo Deus, mtu wa hapa hapa mjini, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika, alipofungua studio karibu na stendi na kuniita nimchoree mapazia.

Deus alikuwa amepewa kalenda na mfanyabiashara mmoja. Mwezi mmojawapo ulikuwa na picha ya nguzo nyeupe ndefu za nchi za watu, zimesimama juu ya kilima bila paa, nyingine zimekatika nusu, jua linazama, na mbuzi wanakula majani chini yake.

"Nataka hii," akasema Deus. "Hii ndiyo ya kisasa."

Niliichukua kalenda nikampelekea Mzee Bundala, maana ilinitatiza. Kwa nini mtu mwenye rangi zote hizo achore nyumba iliyoharibika? Mzee akaiweka kwenye magoti, akaitazama muda mrefu.

"Hao wanajisifu," akasema. "Wanasema, tazameni, babu zetu walijenga vikubwa mpaka hata kubomoka kwake kunapendeza."

Maneno hayo yaliniingia. Nikaichora kazi ile kwa mapenzi yote, nguzo nzima kwanza na kuzivunja baadaye, na kila kipande kilichokatika juu nikakilaza chini kwenye majani. Deus alipoliona pazia limetundikwa alinikumbatia. Nami nilijiona fundi.

Sasa, kwetu nyumba iliyobomoka ina jina. Ni itongo. Ni mji, yaani boma la familia, uliohamwa; yakiwa mengi ni matongo. Watu huhama kwa sababu ardhi imechoka, au ng'ombe wamekwisha, au vifo vimefuatana mpaka mganga akasema ondokeni hapa. Hubaki mawe ya kusagia, maana hayabebeki, na minyaa ya ua inayoendelea kuota bila mtu. Mtu mwenye akili zake hapiti kwenye itongo la watu akipiga mluzi. Mimi nilizaliwa nikijua hayo yote, na bado kalenda ilinisahaulisha.

Wateja wa kwanza walikuwa msafara wa harusi. Bibi harusi akasimama mbele ya nguzo zangu, mwembamba, mwenye haya, ua limeshonwa kichwani. Deus akainama kwenye kamera. Ndipo shangazi wa bibi harusi, sengi wake kama tunavyosema, mwanamke mrefu mwenye kitenge kipya, akauliza:

"Hii nyumba ya nani?"

"Ya Ulaya, mama," akasema Deus. "Ya zamani sana hiyo."

"Mbona haina paa?"

"Lilianguka, mama. Ndiyo uzuri wake."

"Uzuri? Mwanetu hajateleka hata sufuria moja, mnamsimamisha kwenye itongo? Waliokuwa humu wamekwenda wapi?"

Deus akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Tena mbuzi mmewaacha," akasema yule sengi. "Watu wamekufa, mbuzi wamebaki. Twendeni!"

Wakatoka wote, na bibi harusi akaburutwa mkono huku shela linashika mlangoni. Habari ikaenea kuliko tangazo la redio. Kufikia siku ya mnada hakuna aliyetaka kukanyaga studio ya Deus, na Deus akaniambia nisirudi nyumbani mpaka nyumba ile ipate paa.

Nikaiezeka. Nilipaka bati jekundu juu ya zile nguzo za watu, na ile mistari ya bati niliichora kwa uma, naburuta uma kwenye rangi mbichi. Kumbukeni hilo, uma ni kifaa kizuri kuliko brashi kwa mabati. Wateja wakaanza kurudi, lakini mmoja akauliza mlango uko wapi, nikaweka mlango. Mwingine akataka madirisha yenye mapazia. Mwingine maua kwenye makopo. Mzee Bundala alipokuja kuona aliegemea fimbo yake, akatazama juu mpaka chini.

"Nkwabi," akasema, "umejenga zahanati."

Zahanati ile ilipendwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora. Nendeni Migato, nendeni Lagangabilili, kwenye kuta za watu mtawaona babu zenu wamesimama mbele yake kwa heshima zote. Mbuzi niliwaacha. Mbele ya nyumba yenye bati wanaleta baraka.

Aibu ile ya harusi ndiyo iliyomleta Mayu Holo. Mayu ni mama, kwa Kisukuma, na kila mtu wa kijiji cha Ngulyati alimwita hivyo. Alikuwa mwanamke mzee, magoti mabovu, macho makali. Aliingia studio asubuhi moja, akatusalimia "Mwangaluka," tukaitikia, akakaa kwenye benchi la wateja bila kusema shida yake mpaka alipomaliza kututazama mmoja mmoja.

"Nani kati yenu alimchorea bibi harusi itongo?"

Nikajua ninakwenda kutukanwa tena. Nikanyoosha mkono.

"Nichoree la kwangu," akasema.

Akaeleza taratibu. Mji wake ulikuwa nje ya Ngulyati, mbali na barabara. Mumewe alifia huko na kuzikwa huko huko. Kisha ikaja ile Operesheni ya kuhamia vijijini, wakaamriwa watoke, na nyumba zikabomolewa ili wasirudi. Tangu hapo aliishi kijijini barabarani, lakini kila baada ya mavuno alikuwa akitembea kwenda itongoni kupasafisha. Sasa magoti yamekataa. Bintiye Minza, mwalimu huko Morogoro, anakuja kumchukua akaishi naye. Na lile eneo amegawiwa mtu mwingine, naye amesema msimu ujao atang'oa minyaa yote alime pamba, kama kila mtu alivyokuwa akilima pamba mwaka ule.

"Watoto wangu walitoka pale wadogo, hawapajui," akasema. "Minyaa ikishang'olewa, nami nikishaondoka, baba yao watamtafuta wapi? Plau itampita kichwani kila mwaka na hakuna atakayesema simama."

Deus, ambaye tangu ile harusi akisikia neno itongo anashika kichwa, safari hii hakukishika. Kisha akasema, "Mchoree, Nkwabi. Kitambaa nitatoa mimi."

Nilimpakia kwenye karia ya baiskeli, nikaikokota kwa miguu kupita mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Njia nzima alikuwa ananielekeza na kunikosoa, napita kwenye mashimo kama namchukia. Tulipofika palikuwa na ua wa minyaa uliokua mpaka ukawa miti, na ndani yake majani, vichuguu viwili na jiwe la kusagia lililolala upande wa kushoto. Akashuka pale palipokuwa mlango wa ua. Akapiga magoti, yale yale magoti mabovu, akasema "Mwadila," kama unavyowasalimu watu mchana. Akangoja. Nami nikangoja nyuma yake, sijui la kufanya na baiskeli.

"Wa hapa wanaitikia polepole," akaniambia, akainuka.

Akanionyesha kila kitu kwa kidole akiwa pale pale mlangoni. Hapa nyumba yangu. Pale ya mke mwenzangu, Mungu amrehemu, alikuwa anapika kunishinda na alijua. Pale ghala la mtama. Hapo zizi. Mbele yetu kabisa, nje ya ua, kulikuwa na jiwe kubwa la mlima lililopasuka kutoka juu mpaka chini, na mbele ya jiwe hilo, karibu kidogo na sisi, jiwe dogo limesimama peke yake. Nilichora nyumba kwa makaa kwenye daftari. Yale mawe niliyaruka. Niliona ni mawe tu, nchi nzima imejaa mawe.

Hilo ndilo kosa langu kubwa katika kazi hii, na sengi wa ile harusi hajui lolote juu yake.

Nilirudi mjini, nikapaka uji, nikachora mji mzima kama Mzee Bundala alivyonifunza. Misonge miwili, ghala, zizi, minyaa mifupi iliyokatwa vizuri. Nyuma, palipokuwa na yale mawe, nikaweka Kilimanjaro. Wateja wote walipenda Kilimanjaro, na mimi nilikuwa na kopo jipya la rangi nyeupe linaloniwasha mikono.

Siku ya mnada Mayu Holo akaja mjini kutazama. Alisimama mbele ya pazia muda mrefu, kiganja mdomoni. Akaugusa mlango wa nyumba ya mke mwenzake. Akasema nimesahau moshi, nikauweka moshi pale pale, unatoka kwenye paa kama ulivyokuwa ukitoka. Akacheka peke yake. Kisha macho yakapanda juu.

"Na huyu mwenye mvi katokea wapi?"

"Ni mlima, mayu. Kilimanjaro. Unapendeza."

"Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu, na alisema kwa upole ule unaouma kuliko matusi, "huo mlima uko Ngulyati?"

"Hapana."

"Mwanangu Minza akisimama Ngulyati akautafuta, atauona?"

Akaniambia nirudi itongoni kesho yake, nikae pale mlangoni alipopigia magoti, nisisogee hata hatua, nichore yale mawe kama yalivyo. Nikaenda. Mzee Bundala alinikumbusha ujanja wa kijiti: unakinyoosha kwa mkono ulionyooka, unafumba jicho moja, unapima kwa dole gumba. Nikaona kitu ambacho siku ya kwanza sikukiona. Kutoka pale mlangoni, jiwe dogo limesimama sawasawa ndani ya ufa wa jiwe kubwa, kama ndama mbele ya mama yake, na kichwa chake kinafika nusu ya ufa. Nikisogea kulia hatua moja, ndama anatoka kwenye ufa. Nikisogea mbele, anarefuka. Mayu Holo hakuwahi kushika brashi, lakini alikuwa ametazama mahali pamoja kwa miaka mingi kuliko mimi nilivyowahi kutazama kitu chochote. Nikamheshimu kama nilivyomheshimu Mzee Bundala.

Nilipofuta Kilimanjaro na kuweka mawe, akaja tena. Nikamwambia ukweli, kwamba moyo unanikataza kuubomoa mji ule. Ulikuwa mzuri. Moshi ulikuwa unatoka. Nikasema, mayu, tuuache hivi hivi, mzima, upigwe picha ukiwa kwako.

"Mzima ninao mwenyewe," akasema, akigusa paji la uso. "Watoto wangu wakienda kutafuta misonge miwili na moshi, watakuta? Wachoree watakachokikuta."

Nikabomoa. Alikaa kwenye kigoda nyuma yangu akinielekeza paa gani lilianguka kwanza, ukuta gani ulilala upande wa mvua, jiwe la kusagia lilipobaki. Nikaanza kufanya haraka haraka ili yaishe.

"Taratibu," akasema. "Wale wa Operesheni walikuwa na haraka."

Nikaenda taratibu. Sijaona mtu jasiri kuliko yule mama siku ile, na nimewaona wanaume wakicheza na fisi kwenye ngoma. Nililia kidogo nikasingizia tapentaini.

Siku ya picha alivaa kitenge cha zambarau na kilemba. Pazia likatundikwa. Nilikuwa nimeacha katikati patupu kama kawaida ya kazi, na Deus akaweka kiti hapo. Mayu Holo akakitazama kiti, akakiondoa. Akaenda kushoto kabisa, karibu na jiwe la kusagia nililolichora, akakaa chini amenyoosha miguu kama wanavyokaa mama zetu.

"Sogea katikati, mayu," akasema Deus kutoka nyuma ya kamera. "Utatoka pembeni, picha itakuwa tupu."

"Sitamkalia kichwani," akasema. "Hapo katikati ni zizini. Ndipo alipolala mwenye mji."

Nami, Msukuma wa kuzaliwa, nilipaswa kujua. Mwenye mji huzikwa zizini, kati ya ng'ombe wake. Lakini akili yangu ilikuwa kwenye rangi. Deus aliinua kichwa, akanitazama, akainama tena, akapiga picha. Zikatolewa nakala kwa kila mtoto. Wiki ile ile Minza akaja akamchukua mama yake.

Pazia lile hakulitumia mtu mwingine. Lilikaa limeviringishwa kwa Deus mpaka mchwa wakalimaliza.

Ilipita miaka kadhaa. Mzee Bundala alikuwa amekwisha kufariki, na mimi nilikuwa naandika zaidi majina ya maduka kuliko kuchora mapazia, pale Minza alipokuja nyumbani kwangu na picha ile mkononi. Mama yake alikuwa amefariki Morogoro na kuzikwa huko. Kabla ya kufa alimwambia amchukue kidogo, ampeleke kwa baba yake. Minza alikuwa na udongo wa kaburi la mama yake, ameufunga kwenye leso.

"Fundi, mama alisema wewe utapajua."

Tukaenda. Nilitamani ardhi inimeze. Hapakuwa na mnyaa hata mmoja. Hapakuwa na kichuguu. Pamba tu, mistari kwa mistari, huku na huku, na katikati yake mwenye shamba, bwana mmoja mpole aitwaye Maduhu, anapalilia. Minza akatazama shamba lile lote, akaikunja leso kwenye kiganja, na uso ukaanza kumharibika.

Nikamwomba picha. Nikakumbuka yale niliyofundishwa pale mlangoni pa ua. Mawe yalikuwa pale pale. Nikatembea kwenye pamba, jicho moja nimefumba, watu wazima wawili wananitazama, mpaka ndama akaingia ndani ya ufa. Nikarudi kinyumenyume, kinyumenyume, nikikanyaga pamba ya Maduhu, mpaka kichwa cha ndama kikashuka kufika nusu. Nikasimama. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa Mayu Holo.

"Mbele yako hapo kushoto," akasema Maduhu, ambaye alikuwa ameanza kuelewa, "plau yangu inakwama kila msimu. Nilidhani ni kisiki."

Tukafukua kwa jembe lake. Lilikuwa jiwe la kusagia, lina bonde katikati kwa sababu ya mikono ya mama yake Minza na ya yule mwenzake aliyekuwa anajua kupika. Kutoka hapo, kwenda kulia kama picha inavyosema, Maduhu akang'oa miche yake ya pamba yeye mwenyewe bila kuombwa. Minza akapiga magoti, akafungua leso, akamwaga. Maduhu akavua kofia, akasema kuanzia siku ile jembe lake halitapita pale.

Minza alikuwa na kamera ndogo. Akampa Maduhu, akaenda kushoto, akakaa kando ya lile jiwe, akanyoosha miguu. Nami nilikuwa nimesimama nyuma, namwona mama yake mwenyewe.

"Sogea katikati, dada," akasema Maduhu. "Unatoka pembeni."

"Katikati wamo wawili," akasema Minza.

Ndipo hapo ulipokata, kijana. Parudishe.